Heringi wa Kiswidi: Yupi kwa Meza Ipi

Siku chache kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, ambayo mkesha wake huangukia Ijumaa iliyo kati ya tarehe 19 na 25 Juni, majokofu ya samaki katika maduka makubwa ya Uswidi hujaa chupa za heringi. Yuko wa vitunguu, wa haradali, wa shibiti, wa kitunguu saumu na wa mvinyo wa sheri, na kando yao hupangwa makopo bapa yaliyoandikwa matjes, yaani heringi wa chumvi, sukari na viungo. Samaki ni yuleyule na bei hazipishani sana, kwa hiyo mnunuzi mgeni hubaki akichagua kwa rangi ya lebo. Kinachomfaa zaidi ni kujua samaki alivyotayarishwa, ataliwa na kitu gani, na akina nani watakaoketi mezani.

Ulinganisho huu nawaandikia wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uswidi au wanaotarajia kualikwa huko, na msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Anayeonja kwa mara ya kwanza aanze na matjes pamoja na viazi vipya. Anayeandaa karamu nyumbani kwake atengeneze heringi wa siki kwa mikono yake badala ya kumnunua. Na surströmming, yaani heringi aliyechachushwa, isinunuliwe kwa ajili ya mzaha.

Heshima anayopewa samaki huyu wakati wa Pasaka, katikati ya kiangazi na Krismasi ilitokana na wingi wake. Katika zama za kati, masoko ya Skanör na Falsterbo, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Skåne, jimbo la kusini mwa Uswidi ya leo lililokuwa wakati huo chini ya Denmark, yaliwavuta wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya Ujerumani na Baltiki, ambao walikuja na chumvi ya mji wa Lüneburg, Ujerumani, na kuondoka na mapipa ya heringi, chakula kilichotegemewa sana na Wakristo wa Ulaya siku za mfungo ambazo nyama ilikatazwa. Baadaye, kati ya 1747 na 1809, makundi ya heringi yalisogea karibu na pwani ya Bohuslän, magharibi mwa nchi, kwa wingi kiasi kwamba samaki wengi walichemshwa ili kupata mafuta ya kuwashia taa, na mafuta hayo yalisafirishwa hadi kuangaza barabara za Paris. Kisha makundi yakatoweka, na pwani iliyokuwa imejaa watu na mitambo ya kuchemshia samaki ikaingia katika umaskini. Kwa mkulima wa kawaida, heringi wa chumvi kwa viazi kilikuwa chakula cha siku nyingi za juma, na sukari iliposhuka bei katika karne ya 19, majiko ya watu wa kawaida yakaweza kumpa samaki huyo utamu unaomtambulisha leo.

Utamu huo nausema mapema, kwa sababu ndio unaowashangaza wengi wetu. Aliyekua na achari ya embe na ya ndimu hatashtushwa na ukali wa siki; kitakachomshtua ni sukari nyingi kukaa pamoja na samaki. Jambo la pili linalofaa kujulikana ni kwamba heringi wa chupa hakupikwa motoni. Chumvi na siki ndizo zilizokaza nyama yake na kuibadilisha rangi. Mtu asiyeweza kula samaki ambaye hakupita jikoni asijilazimishe. Yako mapishi ya heringi wa kukaangwa, nitayafikia huko mbele.

Siki, haradali na matjes

Heringi wa siki, anayeitwa inlagd sill, ndiye msingi wa wengine wengi. Kipimo cha maji yake Waswidi wanakijua kwa namba tu, moja, mbili, tatu: sehemu moja ya ättika, sehemu mbili za sukari, sehemu tatu za maji. Ättika inayokusudiwa hapo ni siki kali ya asilimia 12, wakati siki ya kawaida ya Afrika Mashariki huwa na asidi ya karibu asilimia 5. Atakayefuata namba hizo kwa siki yetu atapata maji ya sukari yenye uchachu hafifu, yasiyotosha kumhifadhi samaki. Dawa yake ni hesabu ndogo: mahali pa desilita 1 (mililita 100) ya ättika ziwekwe desilita 2.4 za siki ya asilimia 5, na maji yapunguzwe kutoka desilita 3 hadi 1.6, ili ukali na ujazo vibaki vilevile. Sukari haibadiliki, ni desilita 2. Uswidi kwenyewe huuzwa pia chupa ya asilimia 24, ambayo sharti izimuliwe kwanza kwa kiasi sawa cha maji, kwa hiyo namba iliyo kwenye chupa isomwe kabla ya kumimina chochote.

Mchanganyiko huo huchemshwa hadi sukari iyeyuke, kisha huachwa upoe kabisa, kwani ukimiminwa ungali moto utampika samaki na kumfanya ameguke. Minofu ya chumvi hulowekwa katika maji baridi usiku kucha ili chumvi ipungue, hukaushwa, na hukatwa mshazari vipande vya upana wa sentimita 2 hivi. Vipande hupangwa kwa tabaka katika chupa ya mdomo mpana pamoja na vitunguu vyekundu, karoti iliyokatwa nyembamba, majani mawili makavu ya lauri, na punje za kryddpeppar, kiungo kinachofanana na pilipili manga kwa umbo lakini harufu yake iko karibu na karafuu na mdalasini. Siku ya kwanza ladha huwa bado zimetengana, siki kivyake na samaki kivyake. Kufikia siku ya pili au ya tatu kitunguu huwa kimeyatia maji rangi ya waridi, na mnofu umekaza kiasi cha kuchomwa kwa uma bila kusambaratika. Hapo ndipo anapofaa kupelekwa mezani.

Kazi yote haichukui saa nzima ukiondoa muda wa kusubiri, na ndiyo sababu nashauri atengenezwe nyumbani. Heringi wa dukani si mbaya, ila kwa kionjo changu huwa mtamu kupita kiasi na nyama yake ni laini mno, na mnunuzi hana uwezo wa kuvirekebisha vyote viwili. Ukitengeneza mwenyewe unaweza kupunguza sukari kwa robo bila kuharibu kitu. Asiyependa kuloweka atapata katika maduka ya Uswidi minofu ambayo imekwisha kutayarishwa, inayongoja maji ya viungo tu. Anayetaka kutumia heringi mbichi kutoka sokoni azingatie minyoo ya samaki: kanuni za Umoja wa Ulaya kwa wauzaji wa samaki anayeliwa bila kupikwa zinataka agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, na siki peke yake haitoshi kuchukua nafasi ya hatua hiyo.

Heringi wa haradali, senapssill, amezama ndani ya mchuzi mzito wa haradali tamu, sukari, siki kidogo na mafuta yanayoongezwa taratibu huku mchuzi ukikorogwa, na mwishoni shibiti iliyokatwakatwa. Faida yake ni kwamba humvumilia kila mgeni: anayeogopa harufu ya samaki hataisikia, na mtoto wa Kiswidi mara nyingi huanza naye huyu. Mimi namweka wa pili, kwa sababu anayeanza na haradali hujifunza ladha ya haradali, na samaki mwenyewe humpita. Pia ni mzito. Vipande vitatu vinatosha, na hupendeza zaidi juu ya mkate mkavu wa rai, nafaka jamaa ya ngano, uitwao knäckebröd, kuliko kando ya viazi vilivyokwisha kupakwa krimu.

Matjes ya Uswidi ni jambo jingine kabisa. Jina limetoka Uholanzi, lakini Waholanzi humla heringi mchanga aliyetiwa chumvi kidogo tu, wakati Waswidi humkalisha katika maji ya chumvi na sukari yenye viungo, mdalasini na msandali vikiwamo, ambavyo humpa rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu. Mnofu wake ni laini kama siagi, chumvi yake inasikika kuliko ya heringi wa siki, na uchachu ni mdogo mno. Namna ya kumla haibadilikibadiliki: viazi vipya vidogo vilivyochemshwa pamoja na mashina ya shibiti, kijiko cha gräddfil, ambayo ni krimu iliyochachuka, na majani mabichi ya gräslök, jamaa mwembamba wa kitunguu, yaliyokatwa kwa mkasi juu yake. Kiazi hupunguza chumvi, krimu huituliza, na viungo vyenyewe si vigeni kwa mtu aliyezoea mdalasini katika chai na pilau. Hizo ndizo sababu za kumpendekeza kwa anayeanza. Ana kasoro mbili: kopo likishafunguliwa hakai muda mrefu kama yule wa siki, na kumtengeneza nyumbani ni kazi inayohitaji uzoefu, kwa hiyo huyu anunuliwe bila kuona haya.

Wa sheri namtaja kwa ajili ya tahadhari. Waislamu na wengine wasiotumia kileo wasome orodha ya viambato, kwa maana sheri imo ndani ya mchuzi kweli, wala si jina la kupamba lebo.

Bahari mbili

Heringi wa chupa kwa kawaida hutoka Atlantiki ya kaskazini na bahari zinazopakana nayo. Yule wa Bahari ya Baltiki, anayevuliwa kuanzia mlangobahari wa Kalmar kwenda kaskazini, huitwa strömming. Ni mdogo zaidi na mafuta yake ni machache, kwa hiyo hufaa kikaangoni kuliko kwenye siki. Kwa mtu mwenye familia tofauti hii ina uzito wa kiafya. Samaki wenye mafuta wa Baltiki wana kiasi kikubwa cha dioksini, sumu inayojikusanya mwilini, na mamlaka ya chakula ya Uswidi, Livsmedelsverket, inashauri watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakiwamo wajawazito na wanaonyonyesha, wasile strömming zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka. Wengine wanashauriwa wasizidishe mara moja kwa juma. Basi kama mezani kuna mjamzito au watoto, heringi wa Atlantiki ndiye chaguo, na swali limekwisha hapo.

Kwa wengine, strömming wa kukaangwa ni chakula kizuri cha mchana na ndicho kilicho karibu zaidi na mazoea ya pwani yetu. Minofu miwili hubanwa pamoja, ngozi ikiwa nje, katikati ikitiwa chumvi na shibiti, hugaragazwa katika unga wa rai na kukaangwa kwa siagi hadi kingo ziwe ngumu. Huliwa kwa viazi vilivyopondwa na jamu ya matunda mekundu ya porini yanayoitwa lingon, ambayo uchachu wake hufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na ndimu. Vilivyobaki hutumbukizwa katika maji yaleyale ya moja, mbili, tatu pamoja na vitunguu vyekundu, na kesho yake huliwa baridi juu ya mkate. Huyu, aliyekaangwa kwanza kisha akatiwa siki, ndiye ninayempendekeza kwa asiyekula samaki ambaye hakupikwa: anapata ladha yote ya siki ya Kiswidi na moto umekwisha kufanya kazi yake. Yuko pia wa moshi, böckling, mwenye ngozi ya dhahabu. Ni mtamu pamoja na yai la kuchemsha, ingawa miiba yake inataka subira.

Surströmming

Watu wengi nje ya Uswidi wameifahamu surströmming kupitia video za vijana wanaofungua kopo sebuleni na kukimbilia dirishani. Video hizo huwaonyesha watazamaji chakula cha watu kikitendewa visivyo, na kisha zikahukumu matokeo. Ni chakula cha pwani ya kaskazini, hasa Höga Kusten na visiwa vya Ulvön, kilichozaliwa mahali ambapo chumvi ilikuwa ghali na samaki wa masika alikuwa lazima ahifadhiwe. Chumvi huwekwa kiasi cha kuzuia kuoza lakini kisichotosha kuzuia uchachu, ambao huendelea ndani ya mapipa kwa majuma kadhaa, kisha ndani ya kopo lenyewe, ndiyo maana kopo hufura. Hadi 1998 sheria ilikataza kuiuza kabla ya Alhamisi ya tatu ya Agosti. Sheria iliondoka, siku hiyo ikabaki, na kaskazini bado huadhimishwa kwa meza ndefu za nje. Mwaka 2006 baadhi ya mashirika makubwa ya ndege ya Ulaya yaliyapiga marufuku makopo hayo kwa sababu ya shinikizo lililomo, kwa hiyo asifikirie mtu kumpelekea ndugu zawadi.

Kopo hufunguliwa nje, likiwa limeinamishwa kidogo au limezamishwa katika ndoo ya maji ili shinikizo litoke bila kurusha maji yake. Samaki huoshwa, hupasuliwa tumboni, na uti wa mgongo huvutwa polepole pamoja na miiba yake. Kipande cha tunnbröd, mkate mwembamba wa kaskazini, hupakwa siagi, huwekwa viazi vidogo vya njano viitwavyo mandelpotatis vilivyokatwa vipande, kitunguu kilichokatwakatwa, pengine krimu, na mwisho samaki, kidogo tu. Mdomoni ladha ni ya chumvi na uchachu wenye ukali, na iko mbali sana na harufu iliyotangulia. Mtu aliyezoea maziwa mgando au mtindi mkali hatakosa kuielewa.

Ukiilinganisha na matjes, surströmming inadai mengi: mahali pa nje, mwenyeji anayeijua, na wageni waliokubali mapema. Pia imetengenezwa kwa strömming, kwa hiyo ushauri wa Livsmedelsverket unaihusu moja kwa moja. Jambo jingine ni upatikanaji wake. Akiba ya heringi katika Baltiki imepungua kiasi kwamba mwaka 2023 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kusimamishwa kwa uvuvi uliomlenga katika sehemu kubwa ya bahari hiyo. Mawaziri wa nchi za Umoja wa Ulaya waliamua kupunguza mgao wa uvuvi badala ya kuufuta, na watengenezaji wa surströmming wamekosa samaki wa kutosha wa ukubwa unaofaa. Wavuvi wadogo wa pwani wanalalamikia meli kubwa zinazochukua heringi kwa tani nyingi kwa ajili ya unga wa kulishia mifugo na samaki wa kufugwa, na mimi nawaunga mkono: kopo likipatikana, ni haki liliwe na mtu anayelitaka.

Kabla ya kwenda mezani

Kuna mtego mmoja dukani unaowanasa hata wapishi hodari. Kopo lililoandikwa ansjovis nchini Uswidi halina anchovi ya Mediterania. Ni skarpsill, jamaa mdogo wa heringi, aliyelazwa katika chumvi, sukari na viungo vinavyokaribia vya matjes. Ndiye anayetiwa katika Janssons frestelse, viazi vya kuoka kwa krimu na vitunguu ambavyo havikosekani Krismasi. Anayetumia anchovi ya Kiitalia mahali pake atapata chakula chenye chumvi kali kisicho na utamu wala harufu inayotarajiwa, na atadhani mapishi yenyewe ni mabaya.

Idadi ya kununua inategemea meza. Kwa chakula cha watu wanne, aina mbili zinatosha: wa siki uliyemtengeneza na kopo la matjes. Kwa karamu ya Krismasi, ambako wageni hujipakulia, aina tatu au nne ndizo zinazotazamiwa, na hapo haradali inapata nafasi yake. Katika mikahawa huletwa pia sahani ndogo ya kuanzia yenye siagi, jibini na heringi pekee. Jibini inayofaa zaidi ni Västerbottensost, inayotoka Burträsk, kaskazini mwa Uswidi, tangu miaka ya 1870, ngumu na yenye uchungu kidogo unaoukata utamu wa siki. Mgeni akiiona sahani hiyo kwenye orodha ya vyakula aichague, maana inamwezesha kulinganisha aina mbili au tatu bila kununua chupa nzima.

Penye meza ya kujipakulia, heringi huliwa kwanza na peke yake. Baada ya hapo huchukuliwa sahani safi kwa samaki wengine wa baridi kama lax, yaani samoni, aliyetiwa chumvi na shibiti, kisha nyama za baridi, kisha vya moto. Anayerundika heringi, mipira ya nyama na viazi vya krimu katika sahani moja hatakemewa na mtu, lakini siki itaingia katika kila kitu na hatajua ladha ya chochote.

Mwenyeji ataleta snaps, kileo kikali chenye harufu ya viungo kinachonywewa kwa mikupuo midogo baada ya wimbo mfupi. Asiyekunywa hana haja ya kujitetea. Krismasi kipo julmust, kinywaji cheusi kitamu kisicho na kileo kilichobuniwa Örebro mwaka 1910, ambacho hurudi madukani Pasaka kwa jina la påskmust. Wakati wa kiangazi hutolewa sharubati ya maua ya fläder, na hiyo huenda vizuri na matjes kwa sababu uchachu wake huondoa mafuta ya krimu ulimini. Wimbo ukianza, glasi huinuliwa ikiwa na kinywaji chochote kilichomo, na wenzako hutazamwa machoni kabla ya kunywa na baada ya kunywa.